Maji ya Lushoto Huchemka kwa Nyuzi 95

Jumapili

Nimeshinda kwenye foleni ya steshenari. Nilitaka kutoa kopi za michoro ya hali tatu za maji. Mbele yangu alikuwapo mama mwenye kitambulisho cha kukopi pande zote mbili, kisha mzee mwenye hati ya shamba, kisha kijana aliyeleta katiba ya kikundi cha vikoba, kurasa zote, nakala kwa kila mwanachama. Zamu yangu ilipofika, umeme ulikatika. Michoro nimeichora kwa mkono usiku, kwa tochi ya simu.

Niko Lushoto kwa mazoezi ya kufundisha, katika shule ya msingi ambayo sitaitaja jina. Nafundisha Sayansi, Darasa la Nne. Chuoni tumeambiwa kwamba mtoto hasimuliwi sayansi, mtoto anaifanya kwa mikono yake. Hilo naliamini kwa moyo wote, na ndilo linalonifanya nisafiri na mizigo: ndoo, vitambaa, mishumaa, bilauri, sahani na jiko la mkaa. Kondakta ameitoza ndoo nauli ya mtu mzima.

Andalio la somo la wiki nzima liko tayari. Lina jedwali, lina malengo, lina safu ya muda. Kipindi ni dakika 40, na nimezigawa zote mpaka ya mwisho. Safu ya ukungu haimo, kwa sababu fomu haina nafasi ya hali ya hewa.

Jumatatu

Ukungu umeshuka tangu alfajiri. Julai milima ya Usambara hukaa hivyo siku kadhaa mfululizo; mtu anasikia ng'ombe bila kumwona. Kosta ilisubiri stendi hadi ijae, na ilichelewa kujaa. Nilipofika ofisini, mstari mwekundu wa daftari la mahudhurio ulikuwa umeshapigwa. Jina langu liko chini yake.

Somo lilikuwa uvukizi. Watoto walilowesha vitambaa viwili vinavyolingana. Kimoja walikitandaza kwenye kamba, kingine walikikunja mara nne wakakiweka kando yake. Walitakiwa kubashiri kipi kitatangulia kukauka, waandike sababu, kisha warudi kuangalia wakati wa mapumziko. Walibashiri kwa bidii. Dawati moja linakaliwa na watoto wanne, na kila mmoja alikuwa na hoja yake.

Wakati wa mapumziko vitambaa vyote vilikuwa vibichi. Saa sita vilikuwa vibichi. Saa nane, kile kilichotandazwa kilionekana kimeongeza maji. Tulivigusa wote kwa zamu, tukiwa tumejipanga.

Mtoto mmoja wa dawati la dirishani akauliza, "Mwalimu, huu ukungu si ndiyo maji yenyewe?" Katika wiki hii yote sijapata swali lililonifurahisha kuliko hilo. Wengi wetu tumekua tukidhani ukungu ni mvuke. Mvuke wa maji hauonekani. Kinachoonekana, iwe ukungu wa asubuhi au moshi mweupe juu ya sufuria ya uji, ni matone madogo sana ya maji ambayo tayari yamerudi kuwa kimiminika. Nikawaeleza kwamba hewa ya leo ni kosta iliyojaa: maji yanapanda kutoka kwenye kitambaa, lakini kila yanapopanda, mengine yanashuka kutoka hewani na kukaa pale pale. Kitambaa hakikauki, ingawa kazi inaendelea. Walielewa mara moja, maana wote wanapanda kosta.

Mtoto mwingine akasema nyumbani kwao nguo zilizofuliwa Jumamosi huanuliwa Jumanne. Nikamwomba aliseme tena mbele ya darasa, kwa sauti. Huo ni uchunguzi wa kisayansi uliofanywa na familia nzima kwa miaka.

Mwalimu wangu mlezi ni mama wa makamo anayefundisha Darasa la Nne tangu kabla sijazaliwa. Alitaka kwenye safu ya tathmini niandike kwamba lengo halikufikiwa. Mimi nikaandika kwamba vitambaa havikukauka, na kwamba watoto wanaweza kueleza kwa nini havikukauka. Akasoma, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, mkufunzi atakuja Ijumaa." Kisha akatia saini. Kitambaa kilikauka jioni, jikoni, juu ya kamba ya mpishi.

Jumanne

Kesho ni somo la kuchemsha maji, na shule haina kipimajoto. Sekondari ya jirani wanacho. Ilibidi iandikwe barua ya kuazima.

Barua niliiandika kabla ya kengele ya kwanza. Mwalimu Mkuu akaisaini bila shida. Muhuri ulikuwa umefungiwa kwenye droo, na ufunguo alikuwa nao mwalimu wa taaluma, na mwalimu wa taaluma alikuwa kwenye kikao wilayani. Nilisubiri. Alirudi saa tano akiwa na ufunguo na njaa, akala kwanza. Haki yake.

Sekondari, mlinzi aliniandikisha kwenye daftari la wageni: jina, nitokako, nimfuataye, saa, saini. Makamu Mkuu wa Shule alisoma barua mara mbili. Akanielekeza kwa mkuu wa idara, ambaye alinielekeza kwa fundi wa maabara, ambaye alikuwa ametoka. Kuna benchi nje ya maabara ile. Nimelijua vizuri.

Fundi alipokuja, alikuwa mtu mwema. Akafungua kabati, akatoa kipimajoto kimoja chenye kimiminika chekundu, akakiviringisha ndani ya karatasi ya daftari, akaniandika kwenye leja. Akaniambia kikivunjika nitalipa, na kwamba vilivyobaki ni vichache na kidato cha nne wanavihitaji. Aliniuliza ni cha nini. Nilipomwambia ni cha watoto wa Darasa la Nne, akanyamaza kidogo, akasema kwamba wanafunzi wengi wanaofika kwake kidato cha kwanza hawajawahi kukishika. Nilirudi kwa miguu, kwa sababu bodaboda inatikisa.

Nilipofika shule, kuku walikuwa wameshaingia darasani kupitia dirisha lisilo na kioo. Maharage yetu yaliyoota kwenye makopo hayakuwepo. Tulikuwa tumeyaotesha kwa pamba na maji tu, bila udongo, ili watoto waone yanatoka jani la kwanza hata hivyo. Walikuwa wameanza kuyapa majina.

Sikutaka kipindi kipotee. Niliwauliza: mti mkubwa, ule mkaratusi wa uwanjani, mwili wake wote umetoka wapi? Karibu darasa zima likajibu kwamba umetoka kwenye udongo, mti unakula udongo. Ni jibu la watoto wengi, na la watu wazima pia. Nikawasimulia habari za Jan Baptist van Helmont, mtu wa Brussels, ambaye alipima udongo mkavu wa kama kilo 90, akaweka kwenye chombo, akapanda mche wa mti wenye kilo mbili na kidogo, akawa anaumwagilia maji. Baada ya miaka mitano mti ulikuwa na zaidi ya kilo 70. Udongo alipoukausha na kuupima tena, ulikuwa umepungua gramu chache tu, hazifiki mia. Kazi hiyo ilichapishwa 1648, yeye akiwa ameshafariki.

Darasa lilikaa kimya. Kisha mmoja akasema, "Basi ni maji." Ndivyo van Helmont alivyosema pia. Lakini sehemu kubwa ya jibu iko hewani: jani linachukua kabonidayoksaidi, linaiunganisha na maji kwa nguvu ya mwanga, linatengeneza sukari, na sukari hiyo ndiyo inayojenga mti. Binti mmoja akauliza kama mbao za dawati lake basi zimetengenezwa kwa hewa. Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Aliligusa dawati, akamwonyesha jirani yake.

Kesho naleta maharage mengine. Dirisha nimeliziba kwa boksi.

Jumatano

Mkaa umelala kwenye unyevunyevu wa stoo na haukutaka kushika. Kiberiti nacho kililowa. Watoto walikaa duara nje ya darasa, wakimtazama mwalimu akipuliza jiko. Robo ya kipindi ilikwisha hivyo.

Nilikuwa nimeweka viongozi wa makundi: mmoja anasoma kipimajoto, mmoja anataja dakika, mmoja anaandika, wengine wanachora grafu kwa penseli. Walifanya kazi hiyo kwa heshima kubwa. Msomaji alikuwa akisimama wima kila anapotangaza. 40. 52. 61. 70. Kwa wengi wao hiki kilikuwa kipimo cha kwanza cha kisayansi walichokishika mikononi, na walikishika inavyostahili.

Maji yakaanza kutokota. Msomaji akatangaza 94. Kisha 95. Kisha 95 tena. Maji yalikuwa yanaruka ndani ya sufuria, na kipimajoto kimetulia palepale.

Kila mtoto alikuwa na 100 kichwani. Iko kwenye daftari za kaka na dada zao, na wameikariri. Basi fikra zikaanza kumiminika. Mmoja akasema kipimajoto ni kibovu. Mwingine akasema moto hautoshi. Tukaongeza mkaa, tukapuliza, maji yakachachamaa mpaka yakamwagika. 95. Mmoja akasema labda maji bado hayajachemka vizuri, tusubiri. Tukasubiri. 95.

Mwalimu wa Hisabati alikuwa ameshasimama mlangoni na rula yake ya ubao. Kengele ilikuwa imegongwa. Nikamwomba dakika mbili. Akasema naye ana sehemu za kumaliza, na ni kweli. Watoto waliingia ndani wakiwa wanageuka nyuma kuangalia sufuria. Nilibaki na jiko, sufuria na swali.

Hapa niseme jambo ambalo limenikaa moyoni. Dakika 40 zinatosha kuandika ubaoni kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Hazitoshi kuwasha jiko, kuchemsha maji, kushangaa, kubishana na kupima tena. Ratiba ya shule imepangwa kama vile sayansi ni somo la kunakili, na sayansi ikiwekwa humo, inakuwa hivyo kweli. Nimemwomba Mwalimu Mkuu anipe vipindi viwili vilivyofuatana. Amesema nilete ombi kwa maandishi.

Mwalimu mlezi alinishauri niwaambie tu kwamba jibu la mtihani ni 100, mambo yasiwe mengi. Alisema hivyo kwa nia njema, kwa sababu anaijua mitihani kuliko mimi. Nikamwomba, "Mama, niruhusu nipime kwanza kipimajoto chenyewe." Akaruhusu. Barafu inayoyeyuka iko kwenye nyuzi sifuri, Tanga mjini na Lushoto vilevile. Kikisoma sifuri, kipimajoto hakina kosa. Ombi la vipindi viwili nimeliandika, linasubiri muhuri.

Alhamisi

Kupata barafu Lushoto kwenye baridi ya Julai ni kazi ya peke yake. Duka la kwanza friza imezimwa mpaka joto lirudi. Duka la pili wana barafu za ukwaju. Hizo hazifai, maana maji yenye sukari hayagandi wala kuyeyuka kwenye sifuri. Yanakwenda chini yake. Nilimweleza muuzaji hivyo, na watu waliokuwa nyuma yangu wakasikiliza nao. Duka la tatu walikuwa na barafu ya maji matupu, lakini imewekewa oda na mwenye samaki. Nilimsubiri mwenye samaki mpaka akaja, nikamwomba kipande. Akanipa bure alipojua ni cha shule.

Barafu nilifunga kwenye gazeti na vumbi la mbao. Ilifika. Watoto waliiponda, wakaitia kwenye bilauri na maji kidogo, wakakoroga, wakatumbukiza kipimajoto. Kimiminika chekundu kikashuka, kikashuka, kikasimama kwenye sifuri. Darasa lote lilipiga makofi, kisha likanyamaza, kwa sababu sasa 95 ilikuwa kweli.

Ukweli wenyewe ni huu. Maji huchemka mvuke wake unapopata nguvu ya kuinua hewa inayoyakandamiza. Pwani, hewa yote iko juu ya sufuria. Huku kwetu, yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, sehemu ya hewa hiyo tumeiacha chini, mgandamizo ni mdogo, na maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 95 hivi. Juu kabisa ya Kilimanjaro, mita 5,895, yatachemka karibu na 80. Mia ni ya Tanga. Ni ya Dar es Salaam. Si ya hapa.

Mtoto mmoja akanyoosha mkono. Akasema shangazi yake akija kutoka Tanga hulalamika kwamba maharage ya huku hayaivi. Nikamwambia shangazi yake yuko sahihi: maji yanayochemka kwa 95 yana joto pungufu, na maharage yanapikwa na joto, hayapikwi na mapovu. Watoto walicheka kwa furaha ya kuona shangazi wa mtu ameingia kwenye somo. Grafu zao nimezibandika ukutani, zote zikiishia 95.

Kisha likaja swali lingine. Binti wa dawati la nyuma, ambaye huongea kwa nadra, aliuliza kama ni kweli kwamba ukitaka barafu haraka unaweka maji ya moto kwenye friza. Kaka yake amemwambia. Darasa likamcheka. Nililisimamisha darasa. Katika somo langu, swali halichekwi.

Nikawaambia kwamba swali hilo lina historia, na lilianza huko juu yetu tu, Magamba, ambako baadhi yao wana ndugu wanaosoma. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friza. Nafasi kwenye friza zilikuwa chache na zinagombewa. Mwenzake aliingiza maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, asikose nafasi, akaingiza yake yakiwa ya moto. Waliporudi baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Alimuuliza mwalimu wake. Akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na wenzake wakamcheka. Siku moja akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza kwa nini maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya yale ya baridi. Wanafunzi wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja kwenye jarida la ufundishaji wa fizikia. Jambo hilo hadi leo dunia nzima linajulikana kwa jina la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana nalo: wapo walioliona kwenye maabara zao, wapo waliolipima kwa uangalifu wasilione, na hakuna maelezo ambayo wote wamekubaliana nayo.

Darasa lilimtazama yule binti. Yeye alikuwa ameinamia daftari, anaandika. Nilimwambia kwamba yeye na kaka yake wakipata friza, bakuli mbili zinazolingana na subira, wanaweza kupima wenyewe na kutuletea matokeo, yoyote yatakayokuwa. Mwalimu mlezi alikuwa amekaa nyuma muda wote huo. Hakuwa amesikia habari ya Mpemba, na anatoka Magamba.

Ijumaa

Mkufunzi alitegemewa saa mbili. Alifika saa nne, gari lilikwama Soni. Ratiba ikapanguliwa. Watoto waliacha mchezo wakaingia darasani bila kununa.

Somo lilikuwa kuwaka. Mshumaa unasimamishwa kwenye sahani ya maji, unafunikwa kwa bilauri. Mwali unafifia, unazimika, na maji yanapanda ndani ya bilauri. Ni jaribio linalofanywa shule nyingi duniani, na mara nyingi maelezo yake huwa ni kwamba oksijeni imekwisha na maji yamechukua nafasi yake. Tena oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, na maji hupanda karibu moja ya tano, kwa hiyo jambo limekwisha. Maelezo hayo ni mepesi kukumbuka. Tatizo ni kwamba hayalingani na kinachotokea mbele ya macho.

Upepo ulipita kwenye madirisha ukazima mshumaa kabla haujafunikwa. Ukawashwa. Ukazimika. Watoto walitengeneza ukuta wa miili yao kuzunguka meza, bega kwa bega, na mwali ukasimama. Mkufunzi, akiwa nyuma na fomu yake, hakuona kitu isipokuwa migongo. Aliniuliza kwa nini darasa halijakaa.

Niliwaambia watoto kazi yao ni moja: tazameni maji yanapanda lini. Walitazama. Mmoja akasema mshumaa ukiwaka mapovu yanatoka pembeni ya bilauri. Mwingine akasema maji hayakupanda sana wakati unawaka. Yamepanda ukishazimika, tena kwa haraka. Waliona sawasawa. Kama oksijeni kwisha ndiyo sababu pekee, maji yangepanda taratibu kadiri mshumaa unavyowaka. Kinachotokea ni kwamba mwali unapasha hewa joto, hewa inatanuka, nyingine inatoroka kama mapovu. Mwali ukizimika hewa iliyobaki inapoa, inasinyaa, na hewa ya nje inasukuma maji juu. Oksijeni iliyotumika kwa sehemu kubwa imebadilishwa na gesi nyingine, na mshumaa huzimika kabla oksijeni yote haijakwisha.

Mkufunzi akanyoosha mkono. Akasema, kwa upole, kwamba kwenye nukuu zake ni moja ya tano. Nikamjibu, "Mwalimu, kwa ruhusa yako, watoto wapime." Wakaweka mishumaa mitatu chini ya bilauri ileile. Oksijeni iliyomo ni ileile. Maji yalipanda juu zaidi kuliko kwanza, kwa sababu joto lilikuwa kubwa na hewa nyingi zaidi ilikuwa imetoroka. Mkufunzi alikuja mbele, akainama, akatazama pamoja na watoto. Kengele ikagongwa hapo, na mwalimu wa Hisabati akawa mlangoni.

Kwenye fomu, matumizi ya muda nimepata alama ndogo, na mpangilio wa darasa pia. Zana nimepata nzuri. Baadaye mkufunzi aliomba turudie jaribio ofisini, kwa bilauri ya Mwalimu Mkuu, mara mbili. Akaandika kitu kwenye daftari lake mwenyewe. Alama za muda hazikubadilika.

Jumamosi

Nimekwenda kurudisha kipimajoto kikiwa kizima. Maabara hufungwa Jumamosi. Mlinzi alikataa kukipokea kwa kuwa haimo kwenye majukumu yake. Nimekaa nacho nyumbani, kimelala ndani ya soksi, mpaka Jumatatu. Jina langu bado liko kwenye leja.

Ombi la vipindi viwili limejibiwa. Nimepewa Jumatatu na Alhamisi, kwa majaribio, muhula huu. Mwalimu wa Hisabati ndiye aliyekubali kubadilishana. Namshukuru hapa kwa sababu ofisini alinizuia nisimshukuru.

Jumatatu ni somo la umeme. Betri ninazo, waya nimepata kwa fundi redio. Balbu ndogo za tochi, zile za zamani zenye uzi ndani, zimenisumbua. Nimezunguka soko lote. Tochi za siku hizi ni za ledi, na ledi huwaka betri ikielekezwa upande mmoja tu. Nitaifundisha hiyo, lakini baada ya mtoto kuwasha balbu ya kawaida kwa mikono yake na kuona kwamba umeme unahitaji njia ya kwenda na ya kurudi.

Kwa hiyo naomba. Anayesoma hapa, fungua droo ya nyumbani, angalia tochi ya marehemu babu, angalia kwenye sanduku la vifaa vya baiskeli. Balbu moja kwa kila dawati inatosha. Na kama uko kwenye kamati ya shule ya kijijini kwenu, waulize walimu kama shule ina kipimajoto. Wakisema haina, nunueni kimoja kabla ya muhula kwisha, na msikifungie kabatini.